Jina Aliloachiwa Mziwanda

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta na afya yako, na shemeji naye hajambo na mabomba yake ya watu. Kijiti mwambie mjomba anauliza kama bado anarefuka bila kunenepa. Sisi huku wazima, ila mvua ya huku haina adabu, inanyesha kama mtu aliyetumwa.

Kazini si haba. Bado nasaga vioo vya miwani, ila sasa nimepewa mashine ya peke yangu. Msimamizi siku hizi hanifokei sana. Sijui kama ni mimi niliyeijua kazi au ni yeye aliyechoka.

Sasa habari yenyewe. Wifi yako ni mjamzito. Tulinyamaza mpaka mambo yatulie, maana unayajua yaliyotupata mwaka juzi. Daktari anasema atajifungua mwezi wa sita, na kwenye ile picha ya tumboni ameona msichana. Dada, nilitoka pale nikiwa na jina tayari mdomoni. Ni la Mama, Tunu. Wewe mwenyewe unakumbuka Mama alivyosema.

Lakini kuna jambo. Wifi yako alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo, kwa sababu mimi nikimtaja Mama nasema Mama tu. Nilipomwambia akaniomba nirudie. Nikarudia. Akachukua mto akajifunika uso, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Kwa lugha ya huku, ukilitamka vile vile tunavyolitamka sisi, tunu ni kamasi. Si tusi. Ni kamasi tu, zile za watoto.

Nikadhani ananitania. Kesho yake nikalitamka mbele ya msimamizi, naye bila kuinua macho akanipa leso. Mama mkwe aliposikia akauliza kwa upole kama huko kwetu watoto hupewa majina wakiwa na mafua.

Wifi yako anapendekeza jina la bibi yake, Lia. Huku ni jina zuri, la heshima. Najua, najua. Lakini huku hawasikii tunachokisikia sisi.

Sijaamua. Nakuuliza wewe kwa kuwa ndiye mkubwa wangu na ndiye uliyebaki. Unasemaje?

Mdogo wako,
Mziwanda


27 Februari

Mdogo wangu Mziwanda,

Marahaba. Barua yako imefika, bahasha imelowa pembeni lakini maneno yote yanasomeka. Huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, amepata kazi ya kubadilisha mabomba ya jengo zima, anarudi nyumbani kama aliyechimbuliwa. Kijiti anasoma vizuri. Amekuwa mrefu mpaka sare za mwaka jana zinamwonyesha magoti, na kunenepa ndiyo hataki kusikia.

Kazi yangu ya udobi ipo. Ila pasi nimemwachia jirani mmoja aliyeomba kibarua. Mimi siku hizi nakaa, nakunja mashuka na kurudishia vifungo. Nikisimama muda mrefu miguu inavimba. Ni uzee, usinicheke.

Hongereni kwa mimba. Mungu amfikishe wifi salama.

Sasa hilo la jina. Nimeisoma barua yako tena na tena nikitafuta mahali uliposema unatania, sikupaona. Basi mtoto wako, huko akipewa jina la bibi yake anatokwa na kamasi, na huku akija na hilo la bibi wa mama yake analia. Mnunulie leso kabisa, umalize.

Nikukumbushe, maana ulikuwa kijana, akili yako iko kwenye mpira. Kijiti alipozaliwa, mimi nilimbeba mpaka kitandani kwa Mama nikamwambia, Mama, huyu hapa somo yako. Unajua alinijibu nini? Hakumtazama hata mtoto vizuri. Alisema, "Jina langu nimemwekea mtoto wa Mziwanda." Wewe ulikuwa hata ndevu huna. Huna mchumba, huna godoro la kwako. Mimi nimetoka kujifungua, damu haijakauka, naambiwa jina lina mwenyewe, naye ni mtoto wa mtu ambaye hajaoa. Redio ilikuwa wazi, mama mmoja anasoma habari, wakati wa kumaliza akataja jina lake. Nikampa binti yangu hilo hilo, Kijiti ni la utani tu. Ndiyo asili ya jina la mpwa wako. Mpaka leo sijui yule mtangazaji ni nani.

Mama alipougua, ukatuma dawa. Sikulaumu, ulikuwa mbali na kazi ni kazi. Lakini aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake ni nani? Hata siku zile za mwisho nikimgeuza alikuwa ananiuliza, Mziwanda ameandika? Wewe alikuachia jina. Mimi aliniachia beseni.

Na leo kitu hicho hicho nilichonyimwa, ukawekewa wewe, unanionyesha kwenye kiganja unauliza kama kinanuka.

Unaniuliza nasemaje. Mimi sisemi kitu. Jina si langu. Fanya uonavyo.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini, nimekaa juu ya ndoo, mpaka wenzangu wakaanza kuuliza kama kuna msiba. Nimekawia kujibu kwa sababu kila nikianza nilikuwa naandika maneno ambayo mtu hamwandikii dada yake.

Kwanza habari za nyumbani. Wifi yako tumbo limekua, analala ameegemea mito kama abiria. Wiki iliyopita jino lake la nyuma limevunjika akitafuna ndizi. Ndizi, dada. Daktari wa meno anasema mtoto anajichukulia chokaa yake kutoka kwa mama. Amelia siku nzima, si kwa maumivu bali kwa aibu ya kushindwa na ndizi.

Sasa nikujibu. Mimi sikumwomba Mama aniwekee kitu. Siku ninaondoka aliniambia, dada yako ananiona kila siku, wewe utaondoka na nini? Nadhani hiyo ndiyo sababu, wala si kwamba alikupenda kidogo. Utasema najitetea. Sawa.

Nimezungumza na wifi yako. Alisema mtoto atachekwa. Nikamwambia nami nilichekwa jina langu mwaka mzima, wakachoka. Akasema, "Wewe ulikuja mtu mzima." Tukalala kila mtu na ukuta wake. Asubuhi nikasikia sauti bafuni. Nikasogea mlangoni. Alikuwa peke yake, anajizoeza. Tunu, Tunu, Tunu. Anaita kwa sauti ya chini, kisha anasita, kisha anaita tena, kama mtu anayejaribu kiatu.

Alipotoka akasema sawa. Mama yake amenuna, lakini atakunjuka. Kwa hiyo ni Tunu. Umeshinda.

Ila nikwambie na hili. Kama ulikuwa unalitaka wewe, ungesema. Barua yako nzima umenichapa, lakini hujasema. Ungesema, ningejua la kufanya.

Msalimie Kijiti. Jina lake ni zuri, hata kama limetoka redioni.

Mziwanda


2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nimekaa muda mrefu nikingoja jibu lako. Tangu ile barua yako ya Februari sijapata nyingine. Posta ya huku siku hizi ni ya kubahatisha, barua za watu zinaonekana zimefungiwa vitumbua barabarani. Pengine uliandika ikapotelea huko.

Shemeji yako amemaliza lile jengo, ameanza jingine. Kijiti amekuwa wa tatu darasani. Mpe wifi pole sana ya jino, hasa kwa hali yake. Asukutue kwa maji ya chumvi, na asitafunie upande huo.

Nami nina habari. Nimejifungua tarehe 21 Mei. Msichana. Sote wazima. Usishangae kwamba sikukwambia. Baada ya miaka tisa ya kutazamwa tumbo na majirani, niliona heri nikuonyeshe mtoto kuliko kukuonyesha matumaini. Hata kazini walijua walipoona wenyewe.

Basi, kwa kuwa sikuwa nimesikia neno kutoka kwako, na kwa kuwa huko hilo jina ni kamasi na wifi ana jina lake analolipenda, nikaona lisipotee hivi hivi. Nimempa Tunu. Limeshaandikwa. Ninajua hutachukia, maana wewe mwenyewe ulikuwa na mashaka nalo.

Tunawaombea na ninyi mfike salama.

Dada yako


8 Julai

Dada,

Shikamoo. Hongereni kwa mtoto. Hongera kwa shemeji pia.

Sisi nasi tumejifungua tarehe 14 Juni. Alizaliwa na nywele nyingi, mkunga akasema angeweza kusukwa siku ile ile. Mama yake hajambo. Ofisini pale pa kuandikisha, karani aliniuliza jina mara mbili, kisha akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe kama sijakosea. Nikamwambia sijakosea. Watu wawili nyuma yangu walikohoa kwa namna ile ya kuzuia kicheko. Nilitoka nimeinua kichwa. Nilikuwa namwambia Mama moyoni, umeona? Nimelibeba.

Barua yako ilifika kesho yake.

Unasema barua yangu ya Machi haikufika. Halafu katika karatasi hiyo hiyo unampa wifi yako pole ya jino. Dada, habari ya jino niliiandika ndani ya barua ile tu. Sikumwandikia mtu mwingine yeyote, wala jino halikutangazwa redioni.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua nimekwisha amua, ulijua wifi yako amelikubali na anajizoeza bafuni, ukakaa kimya, ukajifungua, ukawahi. Wako ana wiki tatu zaidi ya wangu. Akikua ataambiwa yeye ndiye Tunu, na huyu wa ng'ambo aliiga.

Wifi yako aliniona nimekaa na barua, akataka kujua kuna nini. Nikamtafsiria, sikupunguza. Alikuwa ananyonyesha. Hakukasirika, heri angekasirika. Alisema neno moja tu: "Kumbe ningeweza kumwita Lia."

Fikiria nalala na neno hilo kila siku. Nimemnyang'anya mke wangu jina la bibi yake ili nisionekane nimemtupa Mama mbele yako. Nawe ulikuwa unalitaka tangu mwanzo. Huko kwenu mtoto akiitwa, watu watasikia kitu cha thamani. Wewe umechukua tunu, dada. Mimi umeniachia kamasi.

Sina zaidi.

Mziwanda


30 Novemba

Mziwanda,

Sijui nianzie wapi na salamu, maana ukiniandikia shikamoo kwa hasira nami nikikuitikia marahaba tunakuwa kama watu wa ofisini. Hata hivyo marahaba. Mtoto wako nimefurahi, usifikiri sikufurahi. Kijiti ameniuliza ana nywele kiasi gani.

Barua yako ya Machi ilifika mwisho wa Aprili. Niliisoma nimekaa juu ya matita ya mashuka, nikaikunja, nikaendelea na kazi. Siku ile nilishika pasi tena nikachoma kola mbili, mimi ambaye sijachoma kola tangu nianze.

Unasema ningesema. Mtu akinyimwa kitu na mama yake kwa mdomo, hawezi kwenda kukiomba kwa mdogo wake. Nisingeweza, hata ungekuja kunipigia magoti. Nilingoja uniambie mwenyewe, dada, kichukue, kwangu hakifai. Ulikuwa karibu kabisa kusema. Halafu unaniandikia mkeo anajizoeza bafuni. Mziwanda, yule hakumjua Mama hata kwa picha nzuri, na mimi niliyemkata kucha nisimame pembeni nipige makofi? Nilishikwa na kitu. Wiki zilizobaki nilikuwa naomba mambo mawili: nijifungue salama, na nimtangulie. Sasa umejua.

Nawe nikueleze kilichotokea hapa, ucheke kama unataka. Jina hilo nimelichukua na halitumiki. Shemeji yako hawezi kulitamka, anasema hajawahi kumwita mama mkwe wake kwa jina na hataanza sasa hivi akiwa na nepi mkononi. Anamwita Mkwe. Majirani wamemsikia, nao wanamwita Mkwe. Mimi nikitaka kumwita, ulimi unasimama. Nimeishi miaka yote namwita yule Mama, sasa nimwambie nani, Tunu, acha kula udongo? Nimekuwa namwita wewe. Wewe, njoo. Wewe, nyamaza.

Na kuna Kijiti. Juzi alikuwa anamfunga mdogo wake nepi, akaniuliza kwa nini jina la bibi hakupewa yeye aliyetangulia kuzaliwa. Nikamwambia bibi hakutaka. Akaendelea kufunga. Halafu akauliza kama bibi alikuwa hampendi. Anaongea bila kuinua uso, kama mimi ninavyoongea nikiwa na pini mdomoni. Nilimtuma dukani.

Mwombe wifi radhi kwa ajili yangu. Mtafsirie sawasawa, usipunguze. Na uniambie: ninyi mkimwita, mnamwitaje?

Dada yako


15 Februari

Dada yangu,

Shikamoo, ya kweli safari hii. Wifi yako amepokea ombi lako la radhi. Amesema angefanya hivyo hivyo, kisha akasema hapana, asingefanya, kisha akacheka. Mchukulie hivyo hivyo.

Nimekuwa na hasira kwa muda. Hasira yenyewe imenichosha, inataka kulishwa kila siku kama kuku.

Unauliza tunamwitaje. Mimi, dada, kama wewe. Namwita Mtoto. Nakuambia wewe tu. Anayemwita ni mama yake. Wiki iliyopita tulikuwa kliniki, chumba kimejaa, mtoto ameponyoka mikononi mwangu anatambaa chini ya viti. Wifi yako akasimama akaita kwa sauti yake yote, "Tunu!" Chumba kizima kikageuka. Mzee mmoja akatoa leso mfukoni kabisa, akanyoosha mkono. Wifi yako akaipokea, akamshukuru, akamfuta mtoto mdomo, akamrudishia. Mtoto aliitika, dada. Aligeuza shingo aliposikia jina lake, akamkimbilia mama yake kwa magoti.

Nilimwonea wivu mke wangu. Nikwambie ukweli huo. Amelichukua kwa sababu nilimlazimisha, na sasa anajua kulisema kuliko mimi. Linatoka mdomoni mwake kama maji. Kwangu bado ni kitu kilichofungwa na Mama akaniambia nisifungue.

Mpe Kijiti picha iliyo ndani. Nywele ni hizo.

Mziwanda


12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Picha imefika, Kijiti ameibandika ukutani kwa wanga wangu wa kola bila kuniuliza. Shemeji yako ana kifua lakini anaendelea vizuri. Mkwe ametoa meno mawili ya chini.

Barua yako sikuipenda. Nilipofika hapo pa kliniki nikaona moto umenipanda upya. Nikasema, hivi mwanamke ambaye kwake neno hilo ni kamasi anasimama mbele ya watu analiita, na mimi niliye na maana yake siwezi? Nikaacha mashuka, nikatoka mpaka mlangoni. Mtoto alikuwa kwenye mkeka uani, ananipa mgongo, anagonga kifuniko cha sufuria. Nikavuta pumzi nikaita. Tunu!

Hakugeuka. Hajui kama ni lake. Aliendelea kugonga.

Ila ndani nikasikia, "Abee, mama." Akatoka Kijiti, mikono ina povu, alikuwa anaosha vyombo. Akasimama mbele yangu. Mimi namtazama, yeye ananitazama. Nikamwambia, sikukuita wewe. Akasema anajua. Akajifuta mikono kwenye sketi, akasema:

"Nilikuwa najaribu tu, nione linaitikiwaje."

Mziwanda, mimi ndiye niliyempa mtoto huyu jina la mtu wa redio kwa hasira, nikamwachia alivae miaka tisa. Nikamsubiri arudi ndani kwenye vyombo vyake, mpaka nikasikia maji. Halafu nikaita tena, kwa sauti ile ile.

Akaitika.

Dada yako